Mabuibui ya Zambarau: Kisa cha Kioo Kimoja cha Kamera

Simu ilipigwa Jumatatu usiku, siku mbili baada ya harusi. Mpigaji alikuwa mama wa bibi harusi, ambaye mimi humwita dada kwa kuwa sote tumetoka Tanga, na hapa Birmingham undugu hujengwa kwa vipande vilivyopo. Siku hiyo hakunisalimia kwa kirefu kama ilivyo desturi yake. "Kaka, hebu njoo nyumbani," alisema. "Na uje na hiyo kamera yako."

Nilikwenda. Juu ya meza ya sebuleni palikuwa na picha kiasi cha mia moja, zilizosafishwa dukani kutoka kwenye CD niliyowaachia Jumapili. Mabuibui ya akina mama, ambayo ukumbini kila mmoja wetu aliyaona meusi, yalikuwa ya zambarau. Si yote, mengine yalibaki meusi, mengine yalikuwa na rangi ya damu ya mzee, na mawili matatu yaling'aa kama tunda lenyewe la mzambarau. Suti ya bwana harusi ilikuwa imegeuka hudhurungi. Hayo dada alikuwa tayari kuyacheka. Alichoshindwa kukicheka ni uso wa binti yake. Mtoto yule ni mweusi, weusi wa bibi yake mzaa mama, na pale mezani alikuwa mweupe wa waridi, ngozi laini kama mshumaa, hina ya mikononi imefifia kana kwamba ilipakwa mwezi uliopita.

"Umemchubua mwanangu," dada aliniambia.

Msomaji aliyekulia kwetu anajua uzito wa neno hilo. Wiki kadhaa kabla ya harusi baadhi ya mashangazi walikuwa wamemshauri binti ajipake krimu "za kumng'arisha kidogo", naye akakataa mbele ya watu. Halafu anakuja mjomba wake na kamera, anamaliza kazi ambayo mashangazi waliishindwa.

Ilikuwa mwaka 2008, katika ukumbi mmoja wa Northfield, mtaa unaopakana na Longbridge ninakoishi. Nimekaa na kisa hiki miaka mingi nikikisimulia kama kichekesho. Leo naona nikiandike vizuri, maana nyuma yake ipo historia ndefu kuliko harusi ile, na sehemu yake imepita hapahapa kwetu.

Kwanza nieleze ilikuwaje mtu aliyekula mshahara wa rangi miaka saba akaja kukosea rangi. Nilikuja Uingereza mwaka 1993 kusomea uhandisi, na kuanzia mwaka 1998 nikaajiriwa katika karakana ya rangi ya kiwanda cha magari cha Longbridge. Wazee wa kiwanda walipenda kutukumbusha kwamba Herbert Austin alipofika hapa mwaka 1905 hakukuta karakana ya magari bali jengo la kampuni ya uchapaji lililoachwa tupu. Kwa hiyo Longbridge wino ulitangulia petroli. Kazi yangu ilikuwa ya kutazama. Mwili wa gari ni chuma na bampa ni plastiki. Hupakwa rangi mahali tofauti, kwa rangi zisizo na viungo vilevile, lakini mnunuzi anataka aone kitu kimoja. Tulikuwa na kabati lenye taa za namna mbalimbali: moja ya kuigiza mwanga wa mchana, moja ya balbu ya nyumbani, moja ya dukani. Ungeweka vibao viwili chini ya taa ya mchana ukaapa kwamba ni pacha. Ukibonyeza swichi ya balbu, kimoja kinaelekea kijani na kingine kinaelekea wekundu. Jambo hilo wataalamu huliita metamerizimu. Maana yake ni kwamba rangi haimo ndani ya kitu peke yake, imo katika makubaliano ya watatu: taa, kitu na jicho. Mmoja wao akibadilika, makubaliano yamevunjika.

Nililijua hilo kama ninavyoijua njia ya kwenda kwangu. Ila sikuwahi kufikiri kwamba jicho lenyewe linaweza kuwa la kamera niliyoifungua kwa bisibisi juu ya meza ya jikoni.

Aprili 2005 MG Rover ilifilisika na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi kwa mkupuo, nami nikiwamo. Sitasema mengi juu ya majira hayo. Walioyapitia wanayajua, na wasioyapitia wamechoka kuyasikia. Nilipata kazi nyingine baada ya miezi kadhaa, mbali kidogo na hapa, lakini miguu ilikuwa imeshazoea njia ya kiwandani. Mwishoni mwa wiki nilizunguka nje ya uzio nikipiga picha za majengo yaliyokuwa yakivunjwa. Katikati ya zege vilianza kuota vichaka. Nilikuwa nimeona mahali picha za infraredi, zile ambazo majani huwa meupe kama theluji na anga huwa jeusi, nikatamani kuiona Longbridge yangu hivyo kabla haijaondoka. Nikanunua kamera ya pili, iliyokwisha kutumika, kwa bei ya kutupa, nikaifungua.

Ili kuelewa nilichokitoa humo ndani inabidi turudi hadi mwaka 1800, katika mji wa Slough, magharibi ya London. William Herschel, mwanamuziki kutoka Hanover aliyegeuka mwanafalaki, alikuwa akilitazama jua kwa darubini kupitia vioo vya rangi mbalimbali ili asiumie macho. Akagundua jambo lililomshangaza: vioo vingine vilipitisha mwanga kidogo na joto jingi, vingine mwanga mwingi na joto kidogo. Akautawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi. Joto lilipanda kutoka upande wa zambarau kuelekea nyekundu. Alipokisogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kikapanda zaidi. Huo ndio mwanga tunaouita leo infraredi. Msomaji aone kwamba ulipatikana kwa sababu ya filta: mtu alitaka kuchuja, na kilichovuja ndicho kilichomfundisha.

Jicho la binadamu linaona mawimbi ya mwanga kuanzia karibu nanomita 400, yaani zambarau, hadi karibu 700, yaani nyekundu. Silikoni haina mpaka huo. Kile kibamba cha silikoni kinachopokea mwanga ndani ya kamera ya kidijitali badala ya filamu, ambacho nitakiita kihisi, huendelea kuona hadi kama nanomita 1,100. Tena silikoni haijui rangi hata kidogo. Inahesabu mwanga tu. Aliyeifundisha rangi ni Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Mpango wake ni kuivika kila nukta ya kihisi kifuniko kidogo cha rangi: nukta mbili za kijani kwa kila moja nyekundu na moja ya buluu, kwa kuwa jicho letu hutegemea zaidi kijani kuona undani wa vitu. Karibu kamera zote, na hizo simu mlizo nazo mifukoni, zinafuata mpango huo mpaka leo. Tatizo ni kwamba vifuniko hivyo vinajua kazi yake kwenye mwanga unaoonekana tu. Ukivuka nanomita 700, kile chekundu kinapitisha kila kitu. Ukivuka 800 hivi, hata cha kijani na cha buluu vinakuwa wazi kama kioo cha dirisha. Ndiyo maana mbele ya kihisi viwanda huweka bawabu, kioo chembamba chenye rangi ya buluu inayoelekea kijani, kinachoruhusu mwanga tunaouona na kuikataza infraredi isiingie.

Bawabu huyo naye ana upendeleo wake. Katika kukaza mlango humeza pia sehemu kubwa ya wekundu wa mwisho, ukiwemo mstari wa hidrojeni wa nanomita 656 ambao ndio unaozipa mawingu ya nyota wekundu wao. Kwa hiyo wapiga picha wa anga walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kukibadilisha kioo hicho, na mwaka 2005 kampuni ya Canon ilitoa kamera kwa ajili yao, 20Da, iliyotoka kiwandani na kioo kinachopitisha zaidi wekundu huo.

Kukitoa si uchawi, lakini si kazi ya kumpa mtoto. Unatoa betri na kungoja, kwa sababu kapasita ya flashi hubaki na umeme wa volti mia tatu hivi, wa kukurusha kutoka kitini. Kisha skrubu, nyingi na za urefu tofauti. Mimi nilizibandika kwenye selotepu kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Kisha nyaya bapa kama utepe, ambazo ukizivuta kwa hasira umenunua kamera nyingine. Chini kabisa kuna kihisi, na juu yake kioo. Nilikishika kwa kibano nikakiinua dirishani: buluu nyepesi, kama maji ya Raskazone asubuhi kabla upepo haujaamka.

Wengi hudhani kioo kikishatoka kazi imekwisha. Sivyo. Kioo huusogeza nyuma mwanga unaokusanywa na lenzi, kwa karibu theluthi moja ya unene wake. Ukikitoa bila kuweka kingine kinacholingana, kamera itaapa kwamba imelenga sawasawa huku picha ikitoka na ukungu. Niliweka kioo cheupe kilichokatwa kwa kipimo. Kuanzia hapo milango yote ya kamera ilikuwa wazi, na kazi ya bawabu niliihamishia mbele ya lenzi: nikitaka infraredi tupu nafunga filta nyeusi, nikitaka rangi za kawaida nafunga filta ya kuizuia infraredi. Hiyo ya pili ilikuwa ghali. Nikaamua nijaribu kwanza bila yake.

Jaribio nilifanyia jikoni usiku. Nilipiga picha kanga, sahani na uso wa mke wangu, nikaiwekea kamera kipimo cha weupe kwa karatasi, na rangi zikatoka safi. Nikaridhika. Sikukumbuka kwamba jikoni mlikuwa na taa za kubana umeme, zile za mirija iliyojikunja, ambazo hazitoi infraredi ya maana. Bawabu hakuhitajika kwa sababu mwizi hakuwepo.

Wiki ya harusi kamera yangu ya kawaida ilikuwa kwa fundi, nikachukua ile ya pili bila wasiwasi. Ukumbini zilikuwa taa za halojeni, na mpiga video alikuja na yake kubwa juu ya stendi. Taa ya halojeni hutoa nguvu yake nyingi kama infraredi. Mwanga tunaouona ni makombo. Mwenyewe niliona kwenye kompyuta yangu Jumapili kwamba picha zina wekundu fulani. Niliilaumu skrini, nikachoma CD, nikaenda kulala.

Nguo nyeusi, wapenzi wasomaji, ni nyeusi kwa jicho tu. Rangi nyingi zinazotiwa kwenye vitambaa, hasa vya sintetiki, humeza mwanga wote tunaouona lakini huirudisha infraredi kana kwamba kitambaa ni cheupe. Infraredi hiyo iliingia katika nukta zote za kihisi, na kamera ikaihesabu kama mwanga halali. Kisha, kwa kuwa kamera huzikuza hesabu za nyekundu na buluu kuliko za kijani ili karatasi nyeupe ionekane nyeupe, kijani kikaachwa nyuma. Nyekundu na buluu bila kijani ni zambarau. Na kwa sababu kila kiwanda cha nguo kina rangi zake, mabuibui mawili yaliyosimama bega kwa bega, meusi sawasawa kwa macho, yalitoka tofauti kabisa. Vilikuwa ni vibao vyangu vya Longbridge, ila safari hii vimevaa mabuibui. Kilichobaki cheusi tititi ni maandishi ya kadi ya mwaliko mezani, maana wino wake ni wa masizi, na masizi hayamrudishii mtu kitu.

Nilipata faraja moja. Mwaka 2006 kampuni ya Leica ya Ujerumani, ambayo kamera yake moja ni bei ya gari zuri la mtumba, ilitoa kamera yake ya M8 ikiwa na kioo chembamba mno mbele ya kihisi. Walikuwa na sababu: lenzi zao hukaa karibu na kihisi, mwanga hufika pembeni kwa mshazari, na kioo kinene kingeharibu kingo za picha. Lakini infraredi ikapenya, na nguo nyeusi za sintetiki zikatoka zambarau. Mwaka huohuo kampuni ilikiri jambo hilo na kuwapa wanunuzi filta mbili za kufunga mbele ya lenzi, bure. Basi kama waliobobea namna ile waliteleza, mimi nani?

Faraja hiyo haikunisaidia wiki iliyofuata, kwa kuwa habari ilishazagaa kwamba kamera ya mhandisi inaona ndani ya nguo. Hapo kicheko kiliisha. Mtu huaminiwa kupiga picha za mama na dada za watu kwa sababu ya heshima yake, na heshima ikiondoka haichukui mizigo. Ubaya ni kwamba uvumi ule ulikuwa na mzizi. Mwaka 1998 kampuni ya Sony ililazimika kuzibadilisha kamera zake za video za kuonea gizani, baada ya kugundulika kwamba zikitumiwa mchana pamoja na filta fulani ziliweza kupenya baadhi ya nguo nyembamba. Kwa hiyo sikuweza kusema kwamba jambo hilo halipo duniani. Nilichofanya ni kumpelekea dada picha zote, kama 400, pamoja na kadi ya kamera yenyewe. Yeye na wazee wawili wa kike walikaa na kompyuta wakazipitia moja baada ya nyingine, nami nikasubiri nje ndani ya gari, mvua ikinyesha. Ilikuwa saa nzima. Walitoka wakasema hawakuona kitu ila zambarau, na kwamba kadi itabaki kwao. Nikasema sawa.

Ukabaki uso wa binti.

Melanini, ile rangi ya asili inayotupa weusi wetu, humeza sana mwanga wa buluu, humeza kiasi ule mwekundu, na kadiri mawimbi yanavyorefuka ndivyo inavyozidi kuyaachia. Kwenye nanomita 900 ngozi ya mtu wa Tanga na ya mtu wa Birmingham zinakaribia kufanana. Tena mwanga huo huzama ndani ya ngozi na kutawanyika kabla haujatoka, ndiyo maana uso hupoteza mistari yake ukawa kama nta. Ningekuwa mwanasiasa ningeitolea hotuba habari hiyo. Kwa mama aliyemzaa mtoto mweusi na kumwona mweupe mezani, ilikuwa ni dharau, na sikuweza kumlaumu, kwa kuwa kamera zilianza kuuonea weusi wetu zamani.

Filamu za rangi zilipoenea baada ya Vita Kuu vya Pili, maabara za kusafisha picha zilihitaji kipimo cha kurekebishia mashine. Kodak ikasambaza kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi wakaziita kadi za Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa picha hiyo. Mashine ikirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley ikapendeza, kazi imekwisha. Waliokuwa weusi kuliko Shirley walitoka meno na macho. Wengi wetu tunazo nyumbani picha za namna hiyo za miaka ya sabini, na tulikuwa tukimlaumu mpiga picha. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 2009, alielezwa na watu wa Kodak kwamba waliochangia sana kuisukuma kampuni iboreshe rangi za giza walikuwa wateja wakubwa wa aina mbili: watengenezaji wa samani, ambao mbao zao nyeusi na nyepesi hazikutofautiana kwenye matangazo, na watengenezaji wa chokoleti. Mimi ninayeishi maili chache kutoka kiwanda cha Cadbury cha Bournville sikujua nicheke au ninune.

Afrika Kusini ilikuwa ni zaidi ya kutojali. Huko kamera za Polaroid zilitumika kutengenezea pasi ambazo serikali ya ubaguzi iliwalazimisha watu weusi kutembea nazo, na kamera ya ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Oktoba 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Marekani, Ken Williams na Caroline Hunter, walianzisha harakati ya kuipinga kampuni yao wenyewe, na mwaka 1977 Polaroid ikajitoa Afrika Kusini.

Hapa Birmingham ipo habari ya namna nyingine. Katika mtaa wa Balsall Heath Ernest Dyche na mwanawe Malcolm walikuwa na studio ya picha. Kwanza wateja wao walikuwa waigizaji na wanamuziki wa majukwaani. Baada ya vita wakaanza kuja wahamiaji, kutoka Karibiani, India, Pakistani na Afrika, wamevaa suti na sare za uuguzi, ili wapigwe picha ya kupeleka kwao. Hifadhi ya studio hiyo sasa imo katika Maktaba ya Birmingham. Mimi niliziona baadhi ya picha hizo baada ya kadhia yangu, na nilizitazama kwa wivu. Nyingi ni nyeusi na nyeupe. Hakuna Shirley ndani yake. Nyuso ni nyeusi kama zilivyokuwa, na unaona kila kitu: chunusi, kovu, jasho la mtu aliyetoka zamu akabadilisha nguo. Aliyekuwa nyuma ya kamera alikuwa Mzungu, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nataka kusema ni mweusi tu anayeweza kumpiga picha mweusi. Mweusi niliyemharibia picha binti mweusi ni mimi.

Wapo pia wanaobadilisha rangi kwa makusudi. Wakati wa Vita vya Pili Kodak ilitengeneza filamu ya rangi inayonasa infraredi, ili ndege ziweze kutofautisha msitu wa kweli na turubai lililopakwa kijani: majani hai huirudisha infraredi kwa wingi na kutoka mekundu, turubai halifanyi hivyo. Filamu ya ukoo huo, Aerochrome, iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2009. Mwaka uliofuata mpiga picha wa Ireland, Richard Mosse, alichukua akiba iliyobaki akaenda nayo Kivu, mashariki ya Kongo, akapiga picha za wapiganaji, kambi na vilima. Vilima vyote vikatoka rangi ya waridi. Mwaka 2013 kazi hiyo iliwakilisha Ireland katika maonyesho ya Venice, na ikasifiwa sana. Nia yake, alivyoeleza, ilikuwa kuionyesha vita ambayo dunia imekataa kuiona, kwa mwanga ambao jicho haliuoni. Ni hoja nzuri, na picha zenyewe ni nzuri mno. Sitaki kujifanya hazikunigusa. Lakini nilipomwonyesha jirani yangu, mtu wa Bukavu, alizitazama kwa muda mrefu akaniuliza swali moja: "Na zile za kijani ziko wapi?"

Nirudi mezani kwa dada. Nilijaribu kila programu niliyoijua. Haiwezekani. Chumvi ikishaingia mchuzini huitoi: kila nukta ilikuwa na hesabu moja tu, na hesabu hiyo haisemi kiasi gani ni mwanga na kiasi gani ni infraredi. Ningeweza kuupaka rangi uso wa binti kwa mkono, nikaulinganisha na kumbukumbu yangu. Nilianza, nikaacha. Ningekuwa ninamchubua mara ya pili, kinyumenyume.

Muda nao ulikuwa mdogo. Bibi yake huko Tanga, ambaye viza ilimshinda na hakuhudhuria, alikuwa akiingoja picha, na mtu wa kuipeleka alikuwa anasafiri Ijumaa. Alhamisi usiku ndipo nilipokumbuka kile kijani kilichoachwa nyuma. Nilizifungua hesabu za kila rangi peke yake. Katika nyekundu binti alikuwa mzuka. Katika buluu kulikuwa na chengachenga tupu. Katika kijani alikuwa yeye. Si safi kabisa, maana hata kijani kilivuja kidogo, lakini weusi wake ulikuwepo, na hina ilikuwepo, na mabuibui yaliyomzunguka yalikuwa meusi. Nilizitupa rangi nyingine mbili nikabaki na hiyo moja, yaani picha nyeusi na nyeupe kama za studio ya Balsall Heath, na kama ile ya baba yangu iliyopigwa Tanga kabla sijazaliwa. Nilisafisha nakala mbili.

Bibi alipiga simu Jumapili. Dada aliniambia kwamba hakuuliza kwa nini picha haina rangi. Alisema tu, "Ee, ndiye," kisha akaanza kuuliza habari za mahari.

Filta ya kuzuia infraredi niliinunua wiki hiyohiyo, kwa bei ileile niliyoikimbia. Longbridge niliendelea kuipiga picha mpaka vichaka vikang'olewa. Leo mahali hapo pana chuo, maduka na bustani iliyopewa jina la Austin, na mto Rea uliokuwa umefunikwa chini ya kiwanda umefunuliwa unapita katikati. Kile kioo cha buluu ninacho bado, ndani ya kiberiti, kwenye droo ya jikoni.

Nakala ya pili ya picha ile imetundikwa sebuleni kwa dada. Zile za zambarau alizitia kwenye bahasha juu ya kabati, na mimi nilidhani alizitupa. Mwaka jana binti wa bibi harusi, ambaye sasa ni msichana mkubwa, aliikuta bahasha hiyo akazitandaza zulianii, akamwita bibi yake kutoka jikoni. Alitaka kujua mabuibui yale yalinunuliwa wapi.